Tulivyosoma "Peponi": Somo juu ya Riwaya ya Kihistoria

Katika muhula uliopita baadhi yetu wanafunzi wa Kidato cha Nne tulisoma pamoja kitabu kimoja cha hadithi, nacho kilitutia katika ubishi ambao haujakwisha mpaka leo. Kitabu chenyewe chaitwa Peponi, na mtungaji wake ni Bwana Abdulrazak Gurnah. Mwalimu wetu wa Historia alinitaka niandike habari zake katika gazeti hili, ili wenzetu wa madarasa ya chini, na wazazi wetu pia, wapate kujua kitabu hiki chahusu nini na kwa nini twaona chafaa kusomwa. Mimi si mwalimu, na wasomaji watanisamehe nikikosea. Nitajaribu kueleza kwa utaratibu: kwanza mtungaji na hadithi yake, kisha riwaya ya kihistoria ni kitu gani, na mwisho ubishi wetu wenyewe.

Nakala tulizokuwa nazo zilikuwa mbili tu. Kwa hiyo tulipatana kwamba kila Jumamosi baada ya chakula cha jioni tukutane barazani pa bweni, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Tulianza watu sita. Kufika mwezi wa pili tulikuwa ishirini na mmoja, na mpishi mmoja wa jikoni naye alikuwa akija na kigoda chake akikaa pembeni. Sharti letu lilikuwa kwamba hakuna ruhusa ya kusoma mbele peke yako. Mwenzetu aliyetunza nakala ya pili alilivunja sharti hilo usiku, kwa tochi, chini ya shuka. Lakini Jumamosi iliyofuata alishindwa kuuficha uso wake, nasi tukajua kwamba kuna jambo kubwa laja. Hatukusoma kwa ajili ya mtihani, na labda ndiyo sababu hakuna aliyesinzia.

MTUNGAJI

Bwana Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 maisha ya watu wengi huko yalibadilika, naye aliondoka akiwa kijana wa miaka kumi na minane hivi, akaenda Uingereza. Huko alisoma, akawa mwalimu, na kwa miaka mingi alifundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987. Mnamo 1990 alifanya safari ya kutafuta habari katika Afrika ya Mashariki, na katika safari hiyo ndimo ilimochipuka Paradise, aliyoiandika kwa Kiingereza, ikachapishwa mwaka 1994. Mwaka 2021 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Mwaka uliofuata, 2022, kitabu hicho kilitoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kimefasiriwa na Bibi Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam.

Yaani kitabu kilichohusu nchi yetu kilikaa miaka ishirini na minane katika lugha ya watu wengine kabla hakijafika katika lugha ambayo watu waliomo ndani yake wangaliizungumza. Nitarudi kwenye jambo hilo baadaye.

HADITHI YENYEWE

Yusuf ni mtoto wa miaka kumi na miwili. Akaa na wazazi wake katika mji mdogo uitwao Kawa, ambao ulipata kuchangamka wakati Wajerumani walipoutumia kama kituo chao walipokuwa wakijenga reli. Baba yake ana hoteli isiyo na wateja wengi. Mara kwa mara hupita hapo tajiri mmoja wa pwani, Aziz, mtu mpole, mwenye kunukia uturi, ambaye Yusuf amefundishwa kumwita Ami Aziz. Kila aondokapo humpa mtoto sarafu. Siku moja baba amwambia Yusuf kwamba atafuatana na ami yake kwenda pwani. Yusuf apanda gari la moshi kwa furaha na hofu.

Huko pwani apokelewa dukani na kijana aitwaye Khalil, na ni Khalil amwambiaye ukweli: Aziz si ami yake. Baba yake ana deni asiloweza kulilipa, na Yusuf ni rehani ya deni hilo. Khalil naye ni rehani vivyo hivyo. Nyuma ya duka kuna nyumba ya tajiri, na kando ya nyumba bustani yenye ukuta, miti ya matunda, na maji yapitayo katika mifereji. Hiyo ndiyo pepo inayotajwa na jina la kitabu, na aitunzaye ni mtumwa mzee, Mzee Hamdani.

Baadaye Yusuf achukuliwa katika msafara wa biashara mpaka ng'ambo ya ziwa, kwenye nchi ya mtawala aitwaye Chatu. Msafara wateseka kwa maradhi, kwa hongo za njiani na kwa vita, na mwisho wa yote Chatu awanyang'anya mali. Yusuf arudi pwani amekuwa kijana wa umri kama wetu. Apata habari kwamba baba yake amekufa na mama yake amekwenda zake. Kwa hiyo hana tena kwao pa kurudi. Ampenda Amina, aliyelelewa kama dada yake Khalil, lakini Amina ni mke wa tajiri. Na wakati huo fununu za vita baina ya Wajerumani na Waingereza zaenea kila mahali. Jinsi hadithi inavyomalizika nitaeleza chini, kwa sababu ndiyo asili ya ubishi wetu. Asiyetaka kujua mwisho kabla hajasoma na aishie kabla ya sehemu ile.

RIWAYA YA KIHISTORIA NI KITU GANI?

Riwaya ya kihistoria ni hadithi ya kubuni iliyowekwa katika wakati uliokuwapo kweli. Yusuf hakuwapo. Kawa haimo katika ramani. Lakini reli ilikuwapo, Wajerumani walikuwapo, misafara ilikuwapo, na vita vilikuja. Mtungaji ana uhuru wa kumbuni mtu, lakini hana uhuru wa kuubuni wakati.

Mwalimu wetu alitupa zoezi zuri juu ya jambo hili, nami nalipendekeza kwa kila msomaji. Kitabu hakimwambii msomaji kwamba mwaka ni huu au ule. Tafuteni wenyewe, alisema. Basi tukakusanya alama. Alama ya kwanza ni reli. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911. Reli ya kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Alama ya pili ni kwamba Wajerumani wamekwisha kushika nchi na watu wawaogopa. Kwa hiyo vita vya Abushiri, vilivyoanza mwaka 1888 na kumalizika kwa yeye kunyongwa Pangani mwaka 1889, ni habari ya zamani kwao. Alama ya tatu ni zile fununu za mwishoni, ambazo haziwezi kuwa za mwaka mwingine ila 1914. Tukihesabu kurudi nyuma, tokea kijana wa miaka kumi na saba hivi mpaka mtoto wa miaka kumi na miwili, twafika yapata mwaka 1909. Maana yake ni kwamba watu wazima wote waliomo katika hadithi hii walikuwa hai wakati wa Vita vya Maji Maji, mwaka 1905 mpaka 1907. Tulipokwisha kupata hesabu hiyo, hofu yao kwa askari wa Kijerumani haikutuhitaji maelezo tena.

Katika kitabu cha historia mambo hayo huchukua ukurasa mmoja au miwili. Twasoma kwamba misafara ya pwani ilipungua kwa sababu ya reli na utawala wa kikoloni. Twaandika sentensi hiyo katika daftari, na katika mtihani twapata alama. Lakini kupungua huko kulikuwaje kwa mpagazi ambaye hakulipwa? Kulikuwaje kwa mtoto ambaye ndiye aliyelipia? Hayo ndiyo maswali ambayo riwaya hujaribu kuyajibu.

MTUNGAJI ALIPATA WAPI HABARI ZAKE?

Wengine kati yetu walidhani kwamba mtungaji wa hadithi hukaa tu na kuwaza. Sivyo. Mwaka 1901 Mjerumani mmoja, Carl Velten, aliyekuwa mwalimu wa Kiswahili, alichapisha kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Ndani yake mna habari za safari zilizosimuliwa na watu wa pwani wenyewe, kwa Kiswahili. Mmoja wao, Selemani bin Mwenye Chande, asimulia safari yake ya biashara katika bara, na jinsi msafara wao ulivyopata mashaka huko. Wataalamu waliolinganisha vitabu hivi viwili wameonyesha kwamba safari ya kwenda kwa Chatu katika Peponi imejengwa juu ya masimulizi hayo.

Basi tazameni njia yenyewe. Mtu wa pwani alisimulia kwa Kiswahili. Mjerumani akaandika. Miaka tisini na zaidi baadaye mtoto wa Unguja aliyekaa Uingereza akayatumia masimulizi hayo katika riwaya ya Kiingereza. Kisha Bibi Hadjivayanis akayarudisha katika Kiswahili, nasi tukayasikiliza barazani. Sauti ya msafiri yule imezunguka dunia na kurudi nyumbani.

Chimbuko la pili ni la dini, na juu ya hili Waislamu na Wakristo wa bweni letu walisaidiana. Yusuf, katika Kurani na katika Kitabu cha Mwanzo, ni kijana mzuri wa sura aliyeuzwa na ndugu zake, akafika katika nyumba ya mtu mkubwa, na mke wa mtu huyo akamtaka. Katika Mwanzo vazi lake labaki mkononi mwa mwanamke. Katika Kurani kanzu yake yachanwa kwa nyuma, na huko kuchanika kwa nyuma ndiko kuonyeshako kwamba alikuwa akikimbia. Katika Peponi mke wa tajiri ni Bi Zulekha, jina lile lile ambalo wasimuliaji wa Kiislamu humpa mwanamke yule, na shati la Yusuf lachanwa kwa nyuma pia. Jina la tajiri nalo, Aziz, ndilo jina la cheo cha bwana wa Yusuf katika Kurani. Lakini tofauti ni kubwa. Yusuf wa vitabu vitakatifu hupanda mpaka akawa mtu mkuu Misri na kuwaokoa ndugu zake na njaa. Yusuf wa Peponi hapati ufalme wo wote, wala hana ndugu wa kuwaokoa. Mtungaji amechukua hadithi ambayo sote twaujua mwisho wake mwema, kisha akatunyima mwisho huo, nasi tukauona uchungu wake zaidi kwa sababu tulikuwa tukiungoja.

MAMBO YALIYOTUSUMBUA

Kitabu hiki hakimsifu mtu. Wajerumani ni wakali na wenye kuchukua kila wakitakacho. Lakini na matajiri wa pwani pia huchukua watoto wa watu kwa madeni, na Mohammed Abdalla, mnyapara wa msafara, ni mtu wa kutisha. Tulitamani awepo mtu mmoja tu ambaye tungeweza kumwita shujaa wetu, hatukumpata.

Jambo la kwanza lililotusumbua ni neno "washenzi". Watu wa msafara hulitumia kwa watu wa bara wakati wote. Wengi wetu kwetu ni bara, na Jumamosi moja msomaji alipolifikia neno hilo mara ya nne, mwenzetu mmoja aliinuka akaondoka. Tulimfuata tukazungumza. Mimi nilisema kwamba anenaye si mtungaji, bali ni watu wake wa kubuni, na watu wa wakati ule walisema hivyo. Yeye akajibu kwamba hilo halimpunguzii maumivu. Wote wawili tulikuwa na haki. Lakini tulipofika kwa Chatu tuliona jambo jingine: Chatu apewa nafasi ya kunena. Aeleza kwamba wasafiri waliotangulia walimdhulumu, naye hana sababu ya kuwaamini hawa. Wenye msafara, waliojiona wastaarabu, wajikuta wamekaa kitako kusikiliza mashtaka yao. Mwalimu wetu wa Kiingereza alitueleza kwamba katika hadithi mashuhuri ya Joseph Conrad ya mwaka 1899, juu ya safari ya mtoni katika Kongo, Waafrika karibu hawasemi neno. Katika Peponi wasema, tena wabishana wao kwa wao.

Jambo la pili ni utumwa. Mzee Hamdani, mtunza bustani, aliwahi kuambiwa kwamba yu huru, akakataa kwenda. Sisi tulimcheka, tukamwita mjinga. Kisha yeye mwenyewe aeleza kwa nini: kwa maoni yake uhuru haukuwa mali ya yule bibi hata aweze kumpa mtu mwingine kama zawadi. Baraza zima lilinyamaza. Mpishi alisema, "Huyo mzee hakuwa mjinga."

Hapa twaona pia faida ya kusoma historia pamoja na riwaya. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa ilifutwa huko kwa sheria mwaka 1897. Lakini katika Tanganyika ya Wajerumani utumwa haukufutwa wote. Ulikwisha kwa sheria mwaka 1922 tu, chini ya Waingereza. Anayedhani kwamba mambo ya Khalil na Yusuf yamechanganywa na karne nyingine, na aitazame miaka hiyo.

UBISHI WETU

Sasa nafika mwisho wa hadithi. Kikosi cha askari chini ya ofisa wa Kijerumani chaja mjini kukamata watu wa kubeba mizigo ya vita. Yusuf na Khalil wajificha dukani mpaka kikosi kiondoke. Wamesalimika. Yusuf atoka nje, aona mahali askari walipopiga kambi, aona mbwa wakila uchafu wa watu walioondoka, na katika mbwa wale ajiona yeye mwenyewe. Kisha asikia nyuma yake kishindo kama cha milango ya bustani ikifungwa kwa komeo. Ageuka kutazama mara moja, halafu atimka mbio kuwafuata wale wale askari aliokuwa akiwakimbia. Kitabu kinakwisha hapo.

Msomaji alipofunga kitabu watu waliteta mpaka kengele ya kulala, na bwana wa bweni akaja kutufukuza. Wapo waliosema Yusuf ni msaliti. Mimi nilikuwa mmoja wao. Tulisema: askari wale ndio waliokamata watu wetu. Vita alivyovifuata viliendelea zaidi ya miaka minne, mpaka Jenerali von Lettow-Vorbeck aliposalimisha silaha zake Abercorn, ambao siku hizi ni mji wa Mbala katika Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa. Vijiji vilinyang'anywa chakula. Mtu awezaje kukimbilia jambo hilo kwa miguu yake mwenyewe?

Upande wa pili walisema kwamba Yusuf hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Tuliwajibu kwamba Khalil naye hakuwa na mahali, walakini alibaki.

Aliyetunyamazisha ni mwenzetu mmoja ambaye husema kwa nadra. Ameniruhusu niandike maneno yake bila kumtaja jina. Alituambia kwamba baada ya baba yake kushindwa kulipa fedha za watu, yeye mwenyewe alipelekwa kukaa kwa jamaa mmoja, akauza duka miaka miwili bila kusoma, mpaka mjomba wake alipomtoa na kumrudisha shuleni. Alisema hakupigwa, hakunyimwa chakula, na yule jamaa alikuwa mtu mpole. Kisha akasema: "Ninyi mwamhukumu Yusuf kwa sababu mwajua vita ile ilikuwaje. Yeye hakujua vita. Alijua duka."

Nimeyafikiri sana maneno hayo, na naona kwamba ndiyo somo kubwa nililolipata katika kitabu hiki. Sisi wanafunzi husoma historia tukitokea mwisho wake. Tunapofungua somo la mwaka 1914 tumekwisha kujua 1918. Twajua nani alishinda, nani alikufa, na mambo gani yalikuwa makosa, kisha twawashangaa watu wa zamani kwa kutoyajua. Lakini kila mtu aliyeishi zamani aliishi akitokea mwanzo, kama tuishivyo sisi leo. Riwaya nzuri ya kihistoria hutunyang'anya ule ujuzi wetu wa mwisho kwa muda wa saa chache, ikatuweka barazani pa duka pamoja na kijana ambaye ana dakika moja tu ya kuamua.

Walakini kumwelewa mtu si kumsifu. Bado naamini kwamba Yusuf alikosea, na nadhani mtungaji hataki tusahau gharama yake. Mwaka 2020 alitoa riwaya nyingine, Afterlives, ambayo ndani yake kijana aitwaye Hamza ajiandikisha mwenyewe kuwa askari wa Wajerumani, kisha ajuta mapema sana. Mwalimu wetu alitusomea sehemu zake. Ni kama mtungaji amelirudia swali lile lile baada ya miaka ishirini na sita, maana halikumwacha.

Wakati wa likizo nilimwuliza babu yangu, aliyezaliwa mwaka 1941, kama alipata kusikia habari za vita ile. Alisema baba yake alikamatwa kubeba mizigo, wala hakupenda kuvizungumza. Watoto walijua tu kwamba bega lake moja lilikuwa na kovu, na kwamba hakukubali mtu ye yote nyumbani kwake abebe mzigo begani mbele ya macho yake. Miaka kumi na saba nimekuwa mjukuu wa babu huyu, na sikuwahi kumwuliza. Ilinibidi nisome juu ya mtu ambaye hakuwapo ndipo nikaulize juu ya mtu aliyekuwapo.

JINSI YA KUSOMA RIWAYA YA KIHISTORIA

Kwa ajili ya wenzangu watakaokisoma kitabu hiki, au riwaya nyingine ya namna hii, natoa mashauri manne yaliyotufaa.

Kwanza, someni kwa sauti mkiwa wengi. Neno lililompita mmoja humgusa mwingine.

Pili, wekeni daftari la alama za wakati: reli, fedha, nguo, sheria, majina ya vita. Kisha zilinganisheni na kitabu cha historia. Msiamini kila kitu kwa sababu kimesimuliwa vizuri.

Tatu, kila mara ulizeni ni nani anayenena. Maneno ya mnyapara si maneno ya mtungaji.

Nne, kabla ya kumhukumu mtu wa hadithi, andikeni mambo anayoyajua yeye na mambo mnayoyajua ninyi tu. Hukumu yenu iwe juu ya yale ya kwanza.

MASWALI KWA WASOMAJI

1. Khalil alikuwa na nafasi ya kuondoka baada ya deni la baba yake kumalizika, lakini alibaki. Je, kubaki kwake kwatofautianaje na kukataa kwa Mzee Hamdani?

2. Kwa nini mtungaji alikiita kitabu chake Peponi, na bustani ile ilikuwa pepo ya nani?

3. Chatu alitenda haki alipouchukua mzigo wa msafara? Toa sababu za pande zote mbili.

4. Waulizeni wazee wa kwenu habari za mtu mmoja wa ukoo aliyeishi wakati wa Wajerumani au wa Waingereza. Andikeni mnayoyapata, hata yakiwa mistari mitatu.

Nakala zetu mbili sasa zimo katika maktaba ya shule, moja imepoteza jalada lakini kurasa zote zipo. Muhula huu twaanza kukisoma upya Jumamosi ya pili, na wa Kidato cha Pili na cha Tatu wanakaribishwa. Waje na vigoda vyao, maana mabenchi ya baraza hayatoshi.